Mbuzi ya Nazi Haina Pembe

Mwaka jana nilikuwa natayarisha kijitabu cha hadithi kwa watoto wa darasa la pili. Ukurasa wa tatu ulimhitaji bibi anayekuna nazi jikoni. Fedha za kumlipa mchoraji zilikuwa zimekwisha, basi nikafungua programu moja ya akili mnemba, au akili unde kama wasemavyo wengine, nikaandika: "Bibi anakuna nazi kwa mbuzi." Picha ikaja mara moja. Bibi alikuwepo, nazi ilikuwepo, na mbuzi naye alikuwepo: mnyama mwenye ndevu na pembe, amesimama kando ya bibi. Nikajaribu tena kwa Kiingereza, nikitumia jina la kifaa kama lilivyo kwenye kamusi. Safari hii bibi akapewa kikwaruzo cha bati, kile cha kukwaruzia karoti, na mkononi ameshika nazi nzima ambayo hata kufuliwa haijafuliwa.

Sikucheka. Kijitabu kile kilikuwa kinakwenda mikononi mwa watoto ambao kwao mbuzi imeegemezwa ukutani jikoni na wanaipita kila siku. Ningeichapisha picha ile, ningekuwa nimewaambia kwamba wanachokiona kwa mama zao hakistahili kuwekwa kitabuni kama kilivyo. Na watoto wale wasingekosea. Sarufi yetu yenyewe imeshawafundisha: mbuzi huyu amekula mchicha, mbuzi hii imevunjika jino. Kiambishi kimoja tu kinamtosha mtoto wa miaka minne kujua kama anazungumziwa mnyama au kifaa. Mashine haikukisikia.

Ndugu msomaji, ninaandika kukuomba jambo moja. Picha hizi sasa ziko kwenye mabango ya harusi, kwenye vipeperushi vya zahanati, kwenye majalada ya vitabu, kwenye makundi ya WhatsApp ya familia, na darasani. Tunaziagiza sisi wenyewe, kwa maneno yetu. Ninakuomba tuziagize kama watu wanaovijua vitu vyao.

Inasaidia kuelewa kidogo mashine inafanya nini. Hakuna mchoraji aliyejificha ndani yake. Programu nyingi za aina hii zimefunzwa kwa kuonyeshwa picha nyingi mno za intaneti, kila moja ikiwa na maneno yaliyoandikwa pembeni yake. Mkusanyiko mmoja mashuhuri, LAION-5B wa mwaka 2022, una jozi bilioni 5.85 za picha na maneno, na jozi bilioni 2.32 kati ya hizo maneno yake ni ya Kiingereza. Lugha nyingine zaidi ya 100 zinagawana sehemu ya kilichobaki. Katika mafunzo hayo picha hutiwa chenga, kama zile chenga za televisheni ya zamani iliyopoteza mawimbi, na mashine hujifunza kuziondoa. Ukituma agizo, huanza na chenga tupu, kisha huzipunguza hatua kwa hatua, na kila hatua huongozwa na maneno yako kuelekea picha inayofanana na zile ilizowahi kuonyeshwa.

Hapo ndipo tatizo letu lilipo. Neno lililoambatana na mamilioni ya picha huvuta kwa nguvu. Neno lililoambatana na picha chache huvuta kidogo, na jirani yake mwenye nguvu hulimeza. Mbuzi mwenye pembe yuko kila mahali kwenye intaneti. Mbuzi ya kukunia nazi haipo sana. Ukitaja jina peke yake, mwenye picha nyingi ndiye atakayeitika.

Nilikwenda kwa shangazi yangu nikamwomba anitolee mbuzi yake.

"Unataka kukuna nazi?"

"Nataka kuitazama tu, shangazi."

"Umri wote huo hujaiona?"

Nilikuwa nimeiona maisha yangu yote. Kuitazama ndiko nilikokuwa sijakufanya. Niliketi nayo sakafuni na daftari. Mbao mbili zimepishana, moja imepenya kwenye tundu la nyingine, ndiyo maana hukunjwa ikawa bapa na kuegemezwa ukutani. Ulimi wa chuma umechomoza mbele, ncha yake imepanuka ikawa ya mviringo, na pembeni mwa ncha ndiyo kuna meno. Meno ya upande wa kulia yalikuwa yamelika kuliko ya kushoto, kwa sababu shangazi hulalia upande huo anapokuna. Nikamwomba akune kidogo nione mikono inavyokaa. Vyote hivyo havikuwemo katika agizo langu la kwanza. Nilikuwa nimeandika maneno matano nikategemea mashine ijue nilichokuwa sijajisumbua kukisema.

Jioni nikaandika upya:

"Picha ya kamera, imepigwa kutoka kimo cha mtu aliyeketi chini. Mwanamke wa pwani ya Afrika Mashariki, miaka 70, ameketi juu ya kigoda kifupi cha mbao mbili zilizopishana kama herufi X. Mbele ya kigoda umechomoza ulimi bapa wa chuma wenye urefu wa kiganja. Ncha yake ni ya mviringo na ina meno madogo. Ameshika kwa mikono miwili nusu ya nazi kavu iliyopasuliwa, upande mweupe umegusa meno ya chuma. Chini ya ncha kuna sinia la bati lenye nazi nyeupe iliyokunwa. Amejifunga kanga moja kifuani na nyingine ameitanda mabegani. Nyuma yake ni ukuta wa mawe uliopakwa chokaa. Mwanga wa asubuhi unaingia mlangoni, upande wa kushoto."

Utaona neno mbuzi halimo. Majina ya vitu vyetu mengi hayavuki mpaka wa lugha, lakini sehemu zake huvuka. Ulimi wa chuma ni ulimi wa chuma hata ukiutafsiri Kiingereza. Meno ni meno. Mbao zilizopishana hubaki zimepishana. Kwa hiyo nashauri hivi: fikiri na andika kwa Kiswahili kwanza, maana ndiko unakokijua kitu, kisha kama programu yako haielewi Kiswahili vizuri, tafsiri yale maelezo na uliache jina nyumbani. Picha ya nne ndiyo iliyokubalika. Katika kila jaribio nilibadilisha kitu kimoja tu, leo nazi, kesho sinia, ili nijue neno lipi limefanya kazi gani. Anayebadilisha mambo sita kwa pamoja hajui lililomponya wala lililomdhuru.

Jambo hili tumelizoea kuliko tunavyodhani. Tumekulia kwenye vitendawili. Mtu akitega, hukieleza kitu kwa umbo lake, mwendo wake, sauti yake, bila kulitaja jina, na wanaosikiliza hulitafuta. Bibi zetu walituzoeza kukitazama kitu mpaka kiweze kusemwa bila jina. Ujuzi huo huo ndio unaotakiwa hapa, ila agizo linataka kila kitu kiwekwe wazi, bila fumbo.

Chukua jahazi. Mwambie mtu aagize "mashua ya Kiswahili baharini" na mara nyingi ataletewa boti ya starehe ya Ulaya yenye matanga meupe mawili yaliyosimama wima, au meli ya maharamia wa sinema. Baharia wa Lamu angeeleza vingine. Mlingoti mmoja, nao umeinamia mbele kuelekea omo. Juu yake limening'inia foromali, mti mrefu uliolala mshazari, na tanga moja la pembe tatu limefungwa kwenye foromali hilo. Chombo ni cha mbao, kimepata rangi ya kahawia ya mafuta na jua. Ukitaka ngalawa, useme mtumbwi mwembamba, na kila upande mti umetokeza na mwisho wake una ubao unaogusa maji ili chombo kisipinduke. Upande mmoja tu ukiuacha, umechora chombo cha bahari ya watu wengine.

Mtepe nao una habari yake. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila misumari, na tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba. Hakuna anayeusafirisha leo, na huwezi kwenda ufukweni kuupiga picha. Mfano wake uliwekwa ndani ya Beit al-Ajaib, Zanzibar, na sehemu ya jumba hilo ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kwa kitu kama hiki naiona faida ya kweli ya mashine: inaweza kumpa mwanafunzi picha ya chombo ambacho macho yake hayatakiona tena. Lakini agizo likikosea, mwanafunzi hana pa kwenda kulinganisha, kwa hiyo mwandishi wa agizo amebeba dhamana kubwa kuliko yule wa mbuzi ya nazi.

Kanga inataka uangalifu wa aina nyingine. Ukiandika "kitambaa cha Kiafrika" utaletewa kitenge, na pengine hata kitenge chenyewe si cha mahali popote. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na chini ya mji kuna jina, yaani maneno. Huuzwa doti, vipande viwili vinavyofanana. Yote hayo yanaelezeka, isipokuwa jina. Baadhi ya mashine bado huyavuruga maandishi. Herufi hugeuka, maneno hukatika, na kwa Kiswahili makosa huwa mengi zaidi. Kwenye kanga kosa hilo ni zito, kwa sababu jina ndilo linalozungumza. Mtu humpa mama yake au wifi yake kanga kwa ajili ya lile neno. Agiza kanga yenye nafasi tupu chini ya mji, kisha jina uliandike mwenyewe kwa programu ya kawaida ya kupanga maandishi. Ni kazi ya dakika tano na inaokoa heshima.

Sasa nataka kusema juu ya neno lenyewe, Afrika, kwa sababu ndilo ninaloliona likiharibu picha nyingi kuliko lingine lolote. Mwaka 2023 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha maelezo ya watafiti, mmoja wao Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, waliojaribu kuiagiza programu ya Midjourney itengeneze picha za madaktari Waafrika weusi wakiwahudumia watoto wazungu. Waliiagiza mara kwa mara, wakapata picha zaidi ya 300, na karibu zote zilimfanya mgonjwa kuwa mweusi. Nyingine ziliongezewa wanyama wa porini ambao hakuna aliyewaomba. Mashine ilikuwa imeona picha nyingi mno za aina moja: Mwafrika anapokea, mwingine anatoa. Agizo lililosema kinyume chake likazidiwa nguvu.

Basi tusiifungulie mashine mlango huo. Neno Afrika likikaa peke yake huleta machweo mekundu, mgunga mmoja, udongo uliopasuka na mtoto asiye na viatu. Litaje eneo kwa vinavyoonekana hapo. Ukitaka muuguzi wa zahanati ya Mwanza, sema ana miaka 35, amevaa sare nyeupe iliyopigwa pasi, meza yake ina faili na mashine ya kupimia presha, kuta zina rangi ya krimu nusu ya juu na kijani nusu ya chini, dirisha limefunguliwa, nje kuna mwembe. Kila kitu ulichokieleza ni nafasi moja ambayo mashine haiwezi tena kuijaza kwa mazoea yake. Ukitaka matatu ya Kenya, taja ule mstari wa njano unaolizunguka gari. Ukitaka daladala ya Unguja ya zamani, sema lori dogo lililojengewa paa la mbao nyuma, ubavu wazi, abiria wameketi kwenye benchi wakitazamana.

Na usieleze kwa kukanusha. Ukiandika "pasiwe na tembo", programu nyingi husikia tembo tu, na tembo atakuja. Jaza mahali pake: andika kilichopo pale ambapo hutaki tembo awepo. Yale maneno ya sifa nayo, nzuri sana, ya kuvutia, ya kiwango cha juu, yanakula nafasi bila kuleta kitu. Programu za mwanzo za Stable Diffusion zilisoma vipande 77 tu vya maneno katika agizo moja, sawa na aya fupi; za sasa husoma zaidi, lakini hata leo ni busara kutanguliza lililo muhimu. Badala ya "nzuri", sema mwanga unatoka wapi na ni wa saa ngapi, kamera iko karibu au mbali, ni picha ya kamera au mchoro wa penseli au rangi za maji.

Kabla ya yote hayo, jiulize kitu chenyewe kiko wapi. Kama kiko hatua ishirini kutoka ulipokaa, toa simu ukipige picha, kwa idhini ya mwenyewe. Nimeona shule iliyoagiza kwa mashine picha ya mnazi, na mnazi umesimama uani kwake. Na ukitaka mchoro wa Tingatinga, wachoraji wapo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya hadibodi, akafariki mwaka 1972, na waliorithi kazi yake bado wanachora na kuuza pale Morogoro Stores. Wana watoto wa kusomesha. Kuitumia mashine kuiga mkono wao, kisha kuliweka jina lao juu ya bango lako, ni kuwanyang'anya mara mbili.

Uaminifu nao una sehemu yake. Picha iliyotengenezwa iandikwe hivyo chini yake: "Picha hii imetengenezwa kwa akili mnemba." Mafuriko, ajali, maandamano, uso wa mtu aliyefariki, hivyo visiagizwe kamwe vikasambazwa kama habari. Hapo hakuna agizo zuri.

Nalitaja jambo la mwisho linalonifanya niwe na haraka. Mashine za kesho hufunzwa kwa picha za intaneti, na intaneti ya leo inajazwa picha zilizotengenezwa na mashine. Julai 2024 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mashine zikilishwa mfululizo mazao ya mashine nyingine, huharibika, na vitu vya nadra ndivyo vinavyotangulia kupotea. Sisi, kwenye hesabu za mashine, ndio wa nadra. Picha ya mbuzi mwenye pembe ikisambaa leo, kesho ndiyo itakayotumika kama mfano wa mbuzi ya nazi. Lakini picha sahihi yenye maelezo sahihi nayo huingia humo humo. Ukipakia picha halisi ya kifumbu cha kuchujia tui, ya foromali, ya mfaa wa mlango wa Lamu, na ukaandika chini yake kwa Kiswahili sehemu zake moja moja, umeongeza kitu ambacho hakikuwepo.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, lifanye somo. Wape wanafunzi kazi ya kukieleza kinu na mchi bila kuvitaja. Ni insha, ni msamiati, na ni mafunzo ya teknolojia kwa wakati mmoja. Kijana wa duka la steshenari unayetengeneza kadi za harusi, mteja akikuagiza picha, muulize maswali kabla hujaandika, kama fundi cherehani anavyopima kabla ya kukata kitambaa. Wenzetu wa mabaraza ya Kiswahili, BAKITA na BAKIZA, tunaomba kamusi ndogo ya vitu vya nyumbani na vya baharini, yenye michoro na majina ya sehemu, wazi kwa kila mtu. Nanyi wazee wa jahazi, wa cherehani, wa uchongaji na wa jiko, vijana wakija na simu na maswali mengi, wavumilieni. Majina ya sehemu mnayo ninyi.

Wiki hii chagua kitu kimoja cha nyumbani kwenu. Kitazame, muulize anayekitumia, kisha andika sentensi kumi bila kulitaja jina lake. Msomee jirani. Akilitaja jina kabla hujamaliza, agizo lako limekamilika, litume.